Buluu ya Kwenye Fungu

Mara ya kwanza Arafa alipoonyesha ramani yake ofisini, wenzake walicheka mpaka machozi. Kisiwa kizima cha Jibondo kilikuwa kimepakwa rangi ya maji, nyumba na msikiti vyote, kama vile watu wa huko wanalala baharini.

Arafa ni mzaliwa wa Ndagoni. Alisomea mambo ya bahari, kisha akarudi kisiwani Mafia kufanya kazi kwenye mradi mdogo wa utafiti wenye ofisi Utende. Alikuwa akichukua vipimo vya joto la maji na kuvigeuza kuwa ramani: nyekundu ni maji ya moto, buluu ni maji ya baridi. Vifaa vya kupimia vilizamishwa sehemu chache tu. Sehemu zilizobaki programu ya kompyuta ilikisia yenyewe na kutandaza rangi popote, hata nchi kavu.

Basi akaifunika nchi kavu kwa kijivu. Ramani ikapendeza, na kicheko kikaisha. Muhidini, mkuu wa mradi, akaagiza itumwe kwenye simu za wakulima wa mwani, kwa kuwa joto la msimu ule lilikuwa likiwaharibia mazao na walikuwa wakitafuta pa kuhamia.

Siku chache baadaye ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yake mdogo, Somoe, aliyeolewa Jibondo na kulima mwani huko.

“Arafa mwanangu, Mungu akuweke. Tumeiona ile buluu yako pale kwenye fungu. Tumeanza kupigilia vigingi, kamba za mwani tunahamisha kesho.”

Arafa akaifungua ramani. Kwenye fungu lile la mchanga kulikuwa na buluu safi, ya kuvutia. Lakini hapakuwa na kifaa hata kimoja. Buluu ile ilitoka kwenye kifaa kilichokuwa mbali, kwenye mkondo wenye kina kirefu, nayo kompyuta ikaivuta mpaka kwenye maji ya magotini. Alipaswa kupafunika pale kama alivyofunika nchi kavu, na hakupafunika.

Akampigia Somoe. Hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Akaenda kwa Muhidini, akamweleza.

“Pengine pana baridi kweli,” alisema Muhidini.

“Pengine. Lakini hatujui.”

“Tukisema leo tumekosea, nani atatuamini tena?”

“Na mwani wao ukifa?”

Muhidini akashusha pumzi. “Nenda. Chukua na kipima joto.”

Asubuhi akapanda boti ya kwenda Jibondo. Alikuwa akipanga maneno, akiyapangua.

Alipofika fungu, maji yalikuwa yakipwa na wanawake walikuwa wameinama wakifunga kamba.

“Shikamoo mama mdogo.”

“Marahaba. Mbona umekuja mbiombio? Kuna msiba?”

“Hapana. Ile buluu ya hapa, mama, hatukuipima. Ilikisiwa na kompyuta.”

Somoe akajinyoosha taratibu, kamba mkononi. “Kama hukupajua, kwa nini ukapapaka rangi?”

“Nilisahau kupafunika.”

Arafa akazamisha kipima joto, wakasubiri. Kadiri maji yalivyozidi kupwa na jua kuchoma, namba nazo zikapanda. Somoe akatumbukiza mkono majini, akautoa. Akaanza kufungua kamba zake bila kumtazama Arafa, na wengi wakamfuata.

Mwanasiti, jirani wa Somoe, alikataa. “Kule nilikotoka mwani umeshakufa wote,” alisema. “Nauacha hapa hapa.” Arafa alimsihi, hakusikia.

Mwani wa Mwanasiti ulianza kuwa mweupe kabla ya bamvu lililofuata, yale maji makuu ya mwezi, ukakatika vipande vipande na kuchukuliwa na maji. Wale walioziondoa kamba waliokoa kiasi cha mbegu za kupanda tena, si nyingi. Somoe aliacha kumtumia Arafa salamu kwa muda mrefu, na Arafa hakuthubutu kulalamika.

Ramani mpya aliichora kwa siku nyingi, akiikagua mpaka macho yakamuuma. Kila mahali pasipopimwa alipafunika kwa weupe. Bahari ikabaki na mabaka, Muhidini akaguna kwamba imeharibika sura, lakini akaituma.

Jioni ile simu ikaita. Alikuwa Somoe.

“Hapa kwenye mkono wa kushoto wa kisiwa, peupe, ndiyo nini?”

“Hatujapima, mama.”

Arafa akaibana simu sikioni.

“Basi mje mpime,” alisema Somoe. “Mwanasiti ana vigingi, hajui akavipigilie wapi.”