Wafalme wa China na Jiwe la Mume Wangu

Mjukuu wangu alipewa kazi shuleni, hapa Louisville, aeleze makaburi ya wafalme wa China. Akaja kukaa nami kwenye kochi, akanionyesha picha kwenye simu. Kwanza barabara ndefu, kando yake ngamia na tembo wa mawe, wengine wamesimama, wengine wamepiga magoti. Halafu geti, uwanja, geti tena, mnara. Nyuma ya mnara, kilima kizima cha udongo kimezungushiwa ukuta. Mfalme yuko chini yake, nyuma ya milango ya mawe.

Nikamuuliza ni nani waliobeba mawe hayo yote.

"Majina yao hayajulikani, koko," akasema. Ndivyo anavyoniita mimi bibi yake.

Damu ikanichemka. Mimi sikusoma, lakini ukoo wa mume wangu nautaja mpaka babu wa babu yake. Mtu mmoja alale chini ya kilima, na waliokirundika wasiachiwe hata jina.

Hasira hiyo ikakuta nyingine. Wiki ile mwanangu alikuwa amekuja kutoka Columbus kwa ajili ya jiwe la baba yake. Kwetu milimani, mwaka ukipita watoto wanajengea kaburi la mzazi: matofali, sementi, msalaba, anayepita mbali aone hapa amelala mtu. Nilishamwambia atafute mchanga. Basi, mwanangu akasema makaburi ya hapa hayajengewi. Jiwe linalazwa chini, sawasawa na majani.

"Kwa nini?"

"Mashine ya kukata majani ipate kupita, mama."

Binti yangu wa Buffalo akasema kwenye simu nikubali tu, ndiyo sheria. Nikamwambia baba yake hakukimbia vita akiwa amembeba yeye mgongoni ili leo mashine ipite juu ya jina lake. Mjukuu akanitania kwamba nataka kilima cha mfalme. Sitaki kilima, nikamjibu. Nataka jiwe la kufika kwenye goti.

Jiwe wakalilaza hivyohivyo. Siku hiyo tuliomba, tukaimba, watu wakarudi kwenye magari. Mimi nikabaki kwenye kiti changu, pembeni ya jiwe. Mashine iliyokuwa inakata upande wa pili ikafika kwetu ikinguruma. Mwenye mashine akanipungia mkono nisogee. Sikusogea. Mwanangu akaja mbio, akamwomba msamaha kwa Kiingereza. Mimi sikuomba. Yule mtu akatuangalia, akageuza usukani, akazunguka.