Kutoka Temeke Hadi Kinondoni kwa Visigino Virefu

Mimi si mtu wa safari. Hata msikitini huchagua safu ya karibu na mlango. Kilichonitoa nyumbani Temeke, enzi hizo za Mwingereza, ni mechi ya waliooa dhidi ya makapera. Niliitwa kujaza nafasi. Mpira ukaja, nikachomoka, na papo hapo nikasikia "pwaa" nyuma ya kifundo, kama nimepigwa teke. Nikageuka nimtukane aliyenipiga. Nyuma yangu palikuwa na mbuzi, tena kwa mbali, anakula.

Hospitalini, daktari alinilaza kifudifudi akabinya shavu la mguu. Wayo haukutikisika.

"Kano la kisigino limekatika," akasema. "Kisu hakihitajiki. Tutaufunga plasta ngumu, vidole vikielekea chini, ncha za kano zikutane zenyewe. Halafu utavaa viatu vya visigino virefu, tuwe tunavipunguza kidogo kidogo. Ukikanyaga kisigino chini kabla sijasema, litakatika tena."

Mke wangu Mwanahawa, anayenipita urefu kwa vidole vinne, akauliza, "Visigino virefu, huyu?" Akatoka nje kucheka.

Mtaani kwetu ni mchanga mtupu, magongo yakawa yanazama. Ikaamuliwa niende Kinondoni kwa dada yangu Zuhura, mwenye sakafu ya saruji na mume fundi viatu.

Asubuhi ya safari nilipakiwa kwenye lori la jirani lililokuwa likipeleka vitanda vya kuuza Magomeni. Nikalazwa juu ya kimoja. Tuliposimama Kariakoo, mama mmoja akapapasa tendegu.

"Hiki bei gani?"

"Mama, mie mgonjwa."

"Nimeuliza kitanda. Wewe utashuka, au unauzwa nacho?"

Kinondoni nilikaa wiki nyingi mguu juu ya mto, hadi plasta ikatolewa. Shavu la mguu lilikuwa limekonda kama mwiko. Shemeji Idi akanitengenezea viatu vyenye tabaka za ngozi kisiginoni, vyote viwili sawa, nisije nikayumba. Nikasimama. Ndugu zangu, nikaona juu ya kabati la dada. Pana vumbi.

Kuanzia hapo nikayapenda matibabu. Nilimtuma utingo wa lori ampelekee Mwanahawa salamu: mumeo amerefuka, jiandae. Nia yangu ilikuwa nirudi Temeke nikiwa huko huko juu, angalau siku moja anitazame usoni bila kuinama.

Siku ya kupunguza tabaka la kwanza nilisukuma viatu uvunguni.

"Unaficha viatu au unaficha ufupi?" Zuhura akauliza.

Nikaenda kwa daktari kumwomba aniache hivyo hivyo. Akaupinda wayo wangu taratibu, akakunja uso.

"Mguu umeanza kukaza. Ukiendelea kuning'inia hivi, utatembea kama kuku kwenye matope maisha yako yote. Chagua, urefu au mguu."

Nikachagua mguu, kwa shingo upande.

"Shemeji, leo nakushusha cheo," Idi alikuwa akisema kila alipobandua tabaka. Kabati likazidi kunipita. Mwishowe visigino vikagusa chini, yakaja mazoezi: kushika meza, kunyanyuka kwa vidole, kushuka polepole. Zuhura alihesabu huku anakuna nazi, akipotea hesabu tunaanza upya.

Siku ya kurudi Temeke nilishuka kwenye basi nikaupita mchanga wetu kwa makubazi, bila gongo. Mwanahawa alikuwa mlangoni. Akanitazama, akashusha macho, akanipata.

"Utingo alisema umerefuka."

"Nilirefuka. Nimepona."

Akaniwekea chai. Haina sukari. Kopo la sukari nikaliona kwenye rafu mpya, juu kabisa.

"Nilipata salamu zako," akasema, "nikalihamisha lisikusumbue kuinama."

Nikashika ukuta. Nikanyanyuka kwa vidole, nikihofia ule mlio wa siku ya mechi. Kisigino kikapanda. Kano likashika. Nikalivuta kopo kwa ncha ya kidole, nikatua nalo taratibu kama nilivyofundishwa.

"Kesho lirudi chini," nikasema.

"Wifi naye alinitumia salamu, mazoezi ni asubuhi na jioni," akajibu, akalirudisha juu bila hata kunyanyua kisigino.

Kama safari hii imenifunza kitu, ni kwamba mgonjwa asitume salamu nyumbani kabla hajashushwa.