Chungwa Bichi na Safu ya Korosho

Dada yangu hakuwahi kunifungia mlango kwa ufunguo. Hakuwa na haja.

Nilipotoka hospitali bila titi la kushoto, yeye na mume wangu walikaa wakaamua, nami nimekaa hapo hapo katikati yao, kwamba nikae Newala kwa dada mpaka nipone. Wanangu wawili wakabaki Tandahimba na baba yao. Nikauliza, kupona ndiyo lini?

"Siku utakayobeba ndoo ya maji kichwani," dada akasema, "mimi mwenyewe nitakupandisha gari."

Nikaona amesema la haki. Kesho yake akazificha ndoo zote.

Mama yetu alikufa na uvimbe kama wangu. Mimi nilikuwa mdogo, dada ndiye aliyemuuguza, katika chumba kile kile nilicholazwa mimi. Kwa hiyo sikutakiwa kufagia, sikutakiwa kupika, na majirani waliambiwa nina jipu la ubavuni. Newala maji ni vita. Alfajiri nilisikia wanawake wakipita na ndoo zao, wakiteta na kucheka, na mimi nimekaa kitandani natazama ukuta. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaza, haufiki hata kwenye nywele. Dada alinisuka, akanilisha uji kwa kijiko. Nilimchukia. Nasema wazi, alikuwa akinilisha uji na mimi nilimchukia.

Ruhusa yangu ilikuwa moja tu, kliniki ya Masasi, mara moja kwa mwezi. Dada hakuweza kunisindikiza kwa sababu gari lilimtapisha hata kabla halijaanza kuteremka mlima. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ndiyo kwanza imefungulia watu biashara. Pikapu za watu binafsi zilikuwa zimeanza kugombania abiria, na sokoni sidiria za mtumba zilimwagwa juu ya turubai, kila mtu achague. Nilichagua moja, upande wa kushoto nikaujaza matambara.

Kliniki niliwakuta wawili waliokatwa kama mimi: mama mmoja wa Kimakua, muuza vitumbua, na mwalimu wa shule ya msingi. Nesi alituagiza tusimame karibu na ukuta, tutambaze vidole kwenda juu, ili mikono ilegee. Mama wa vitumbua alitambaza mara tatu, akashusha mkono.

"Mimi si mjusi," akasema.

Akatupeleka nyuma ya jengo. Akafungua pindo la khanga, akatoa korosho ambazo hazijabanguliwa, akazisimamisha mchangani kwa safu, kama wafanyavyo watoto wetu wakati wa mavuno. Kisha akaokota chungwa bichi, gumu, lililoanguka chini ya mchungwa wa pale, akanipa.

"Haya, mwanangu, bingirisha, utakazoangusha ni zako. Kwa mkono huo huo mbovu."

Sheria ilikuwa hiyo tu. Anayetumia mkono mzima ananyang'anywa korosho zake. Siku ya kwanza chungwa langu halikufika hata nusu ya njia. Mwalimu alirusha, akapiga ukuta, akalia kwa maumivu, halafu akaomba arudie. Matambara tulikuwa tumeyavua na kuyaweka juu ya jiwe, vifua vyetu viko kama vilivyo, na hakuna aliyeangalia pembeni. Tulicheza mpaka pikapu ikatupigia honi. Nikiwa njiani kurudi nilihisi chumba cha dada kinanisogelea, kona baada ya kona.

Mwezi hadi mwezi tulirudi nyuma hatua moja, kisha mbili. Mkono ukaanza kutokea mbali, nyuma ya kiuno, na kuishia juu ya kichwa. Mshindi alichukua korosho zote pamoja na chungwa, azitunze mpaka kliniki ijayo. Mwezi wa sita nilishinda mimi. Sikuwa na mkoba, dada alisema mkoba ni mzigo. Basi matambara nikayatupa, nikajaza ushindi wangu ndani ya sidiria.

Nilifika nyumbani nikamkuta jirani, mtu mzima, amekaa kwenye mkeka na dada. Nikapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Chungwa likachomoka. Likabingirika juu ya mkeka mpaka kwenye miguu yake, na korosho zikafuata, ta-ta-ta, moja baada ya nyingine. Jirani akalitazama chungwa. Akanitazama kifua.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Na jipu limepona?"

Alipoondoka dada alinigeukia kwa hasira. "Mtu mzima, mgonjwa, unacheza korosho! Kwa mkono huo! Kliniki basi."

Usiku ule sikulala, na alfajiri nikamsubiri mlangoni. Alitoka na ndoo mbili, nikaishika moja. Tukavutana kama watoto mpaka jirani yule yule akachungulia, na dada kwa aibu akaachia.

Bombani tulizijaza zote mbili. Kwetu hakuna anayejitwika ndoo iliyojaa. Huinama wawili, wakanyanyua pamoja. "Nitwike," nikamwambia. Akanitwika, midomo ameifumba. Nikatembea hatua kumi, nikageuka, nikarudi.

"Uliniahidi gari, dada."

Hakufurahi. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Mama naye alibeba ndoo," akasema. "Mpaka wiki ile ya mwisho alibeba. Mimi ndiye niliyekuwa namtwika."

Miaka yote ile sikujua, na yeye alikuwa nalo moyoni kila alipokoroga uji wangu.

Foleni ikaanza kunung'unika. Ndoo yake ilikuwa bado chini. Nikamwomba mwanamke aliyetufuata anitue yangu, nikashika upande mmoja wa ndoo ya dada.

"Inama."

Akainama. Tukanyanyua. Mkono wa kushoto ukapita bega, ukapita sikio, ukauma, ukafika. Dada akasimama wima na ndoo kichwani, mikono yote miwili juu, machozi yanamtiririka na hana cha kujifutia.

"Gari la Tandahimba linaondoka saa nne," akasema.