Mkono Wangu, Tikiti ya Mume Wangu

Mhariri, nifichie jina. Mimi ni mama wa watoto wanne, umri wangu umepita thelathini kidogo, naishi kambi ya wafanyakazi katika shamba la kahawa karibu na Ruiru.

Mume wangu ameandikwa kazi ya mashine ya kumenya kahawa, kwa tikiti ya siku thelathini, kadi inayowekwa alama kila siku ya kazi, na ikijaa ndipo hulipwa. Malaria ilimlaza tikiti ikiwa haijajaa. Kwetu kambini, mtu akiugua, wa nyumbani kwake humjazia siku zake. Hata nyapara anajua. Nilipofika kiwandani alicheka, akasema, "Mama, mimi nahesabu vichwa, sihesabu majina. Simama pale." Kabla ya saa sita mashine ilishika kitambaa nilichojifunga mkononi. Nilipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Kidonda kilipofunga nilikwenda ofisi ya kazi, Thika. Karani alinieleza vizuri: kuna kuumia kunakopona, ambako mtu hulipwa siku alizolala, kuna kupoteza kiungo moja kwa moja, ambako kuna fidia yake, na kuna kifo, ambacho fidia yake hulipwa jamaa. Mimi ni wa aina ya pili. Kisha akauliza tikiti ni ya nani. Nilimwambia.

"Kwa hivyo mfanyakazi ni bwanako, na vidole ni vyako," alisema. "Bwanako ana vidole vyote. Nimlipe nani?"

Alisema labda nyapara akikiri kwamba alinipa kazi. Nyapara alipoulizwa alijibu, "Huyu mama alipita kuokota kuni, akaingiza mkono." Wanawake walioniona nimesimama pale wanasema hawakuwa wakitazama. Siwalaumu, nao hujaziana tikiti.

Sasa msimamizi wa shamba anataka nitie dole kwenye karatasi inayosema niliingia kiwandani bila ruhusa. Nikikubali, mume wangu anabaki kazini. Nikikataa, tunatoka kambini, na siku hizi za hali ya hatari Mkikuyu asiye na mwajiri anarudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu. Shamba huko hatuna.

Mume wangu aliniambia, "Nyina wa watoto, tia dole tunyamaze. Vidole havitaota." Ni kweli. Lakini nikitia, sitadai tena, na kuchuma kahawa siwezi, hata mtoto nafungiwa mgongoni na jirani.

Ninyi mliowahi kuumia mashambani, niambieni: nitie dole, au nikatae?