Pete Isiyozunguka

Ponnuthayi alivishwa pete za vidole vya miguu mjini Kovilpatti, Jumatano ya tarehe 9 Septemba 1987, asubuhi. Bwana harusi, Sudalaimuthu, aliuinua mguu wa kulia wa bibi harusi, akauweka juu ya jiwe la kusagia, akatia pete ya fedha kwenye kidole cha pili. Kisha wa kushoto. Pete hizo huvuliwa mume akifa. Ponnuthayi hakuzivua hata alipokuwa akijifungua.

Ni mwanamke asiyekalika. Majirani humwita kiguu na njia, naye hakatai. Alfajiri yuko bombani, asubuhi hekaluni, mchana kwenye karakana ya kashata za karanga, anakobeba masinia kutoka kwenye jiko la sukari guru hadi kwenye meza ya kukatia. Humo ndani hakuna anayevaa viatu, maana ni mahali pa chakula na ukutani kuna picha ya mungu. Kisukari kiligunduliwa akiwa na miaka arobaini na mitatu. Alikipokea kama mgeni wa mume: alimpa chakula chake na hakukaa kuzungumza naye.

Mwaka jana hospitali moja ya Madurai ilianza utafiti mjini hapa. Walitaka kujua kama wagonjwa wanaojikagua nyayo kwa kioo kila asubuhi, na kuvaa makubadhi laini hata ndani ya nyumba, watapata vidonda vichache kuliko wanaopewa dawa peke yake. Ponnuthayi aliwekwa katika kundi la vioo. Muuguzi wa utafiti, Jebamani, ambaye ni rika la binti yake Malar, alimpima hisia za nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa, sema ndiyo."

Alifumba. Akangoja. Akaanza kutikisa goti.

"Sista, anza basi. Nimeacha sukari jikoni."

"Nimeshamaliza, mama."

Tangu siku hiyo alikitii kioo. Makubadhi ya ndani yalimletea ugomvi na mama mkwe wake, akayavaa hivyo hivyo. Kila asubuhi aliutazama unyayo, akauona safi, akaondoka mbio. Aliambiwa atazame unyayo, naye alitazama unyayo.

Mwezi wa nne, joto lilipopanda, mguu wa kulia ulivimba. Jebamani alipomwona siku ya kliniki, hakushika kioo. Aliishika pete.

"Hii inazunguka?"

"Ya nini izunguke? Si tairi."

Haikuzunguka. Ilikuwa imezama nyamani, na chini yake palitoka maji yenye harufu. Ponnuthayi hakuwa amesikia maumivu yoyote.

"Lazima ikatwe leo, mama."

"Haikatwi."

"Kidole kinaoza."

"Mume wangu anapaka rangi sanamu za miungu. Sasa hivi yuko juu ya mnara wa hekalu kule Tenkasi, amesimama kwenye jukwaa la mianzi. Nivue pete, aanguke? Utanipa mumeo?"

"Wangu hatakufaa, mama. Analala mpaka saa nne."

Ponnuthayi alicheka, akateremka kitandani, akatafuta makubadhi yake kwa miguu. Jebamani alisimama mlangoni.

"Sikia. Ukiacha hivi, hutakatwa kidole, utakatwa mguu. Hapo pete utaivaa wapi?"

"Akishuka, nitakuja," alisema Ponnuthayi, akapita.

Kazi ya mnara ilikuwa na wiki tatu zaidi. Nyumbani hakuweza kukaa. Alifagia palipokwisha kufagiwa. Alikwenda sokoni akarudi bila biringanya alizozifuata, akarudi tena. Kila hatua ilikuwa inakikamua kile kidole, na yeye hakuisikia hata moja. Usingizi ulikuwa ukimjia akamwona mumewe kwenye mianzi, akaamka. Akamwona daktari na msumeno, akaamka.

Kesho yake karakanani, Esakkiammal, mkata kashata aliyefanya naye kazi tangu ujana, aliweka kisu chini.

"We, una nini? Unazunguka jiko kama ng'ombe wa kinu cha mafuta."

Ponnuthayi akamweleza. Esakkiammal ni mjane. Vidole vyake vya miguu viko wazi. Aliutazama mguu wa mwenzake muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Siku mume wangu Karuppasamy alipogongwa na lori, mimi nilikuwa nimevaa zote mbili," alisema. "Zilikuwa zimekaa vizuri kabisa. Haya, lete sinia."

Ponnuthayi alileta sinia. Halafu akatoka uani, akapiga simu.

"Baba Malar, uko juu?"

"Niko juu. Nachora nyusi. Kuna nini?"

"Shuka."

"Nina brashi mdomoni, mwanamke."

"Shuka kwanza, ndipo niseme."

Alisikia mianzi ikilia, na mumewe akihema, hatua kwa hatua. Alikuwa akitembea uani huku na huku hadi akaisikia sauti ya muuza chai.

"Nimekaa chini. Sema."

Akasema.

"Mguu gani?" aliuliza Sudalaimuthu.

"Wa kulia."

"Nilikuvisha mwenyewe. Asiiguse mtu mpaka nifike."

Alifika na basi la jioni, rangi ya buluu ikiwa bado kwenye nywele. Asubuhi, kliniki, aliketi kitandani akaupakata mguu wa mkewe, na Jebamani akaanza kuikata pete kwa msumeno mdogo.

"Taratibu, sista. Ni fedha safi."

"Mguu ndio wa kuhurumia, baba."

"Nao ni safi. Basi tu haukai nyumbani."

"Nimekaa sasa," alisema Ponnuthayi. "Mmenishika watu wawili."

Pete ilikatika. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba uozo ulikuwa umefika mfupani. Daktari alisema kidole hakiponi, ila mguu unapona, mradi usikanyage. Ponnuthayi aliuliza kama kutokanyaga ni pamoja na kwenda bombani. Ni pamoja na bombani.

Siku hizi Jebamani huwaambia wanawake wote wa utafiti wazungushe pete kwanza, ndipo washike kioo. Ya kushoto ya Ponnuthayi imekwisha kulegezwa na sonara. Vipande vya ile ya kulia ameving'ang'ania. Amevifunga kwenye uzi wa ndoa shingoni, na kutwa nzima vidole vyake viko hapo, vikivigeuza.

Sudalaimuthu ametuma habari Tenkasi kwamba nyusi zimngoje. Alhamisi asubuhi wataondoka kwa basi la Madurai, na kidole kitatolewa siku hiyo hiyo.