Rangi Nyeusi ya Bampa

Siku ya kumaliza kilio cha mume wangu, ndugu zake walikaa uani kwangu kwenye viti vya kukodi, wakagawa vitu vyake mbele ya watu wote, kama desturi inavyotaka. Televisheni ikaenda, baiskeli ikaenda, jenereta na suti vikaenda. Walipofika kwenye gari, baba yake mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aliinuka akalizunguka polepole. Plastiki zake zote nyeusi, yaani bampa mbili, mikanda ya milangoni na kingo za madirisha, zilikuwa zimechomwa na jua mpaka zikawa na rangi ya majivu.

"Hii haiko motoka tena," akasema. "Hii ni mifupa. Mifupa tunamuachia mama ya batoto."

Watu wakapiga makofi, wakausifu ukoo kwa huruma yake. Mimi nikasema asante. Miezi ile ningesema asante hata kwa mtu aliyenikanyaga mguu. Sikuwa na huzuni kama watu walivyotegemea. Sikuwa na kitu moyoni. Nilikula, nilifua, nililala, na nilipoulizwa habari nilijibu nzuri.

Jambo moja tu nililijua hata katika ganzi ile: neno la mkubwa wa ukoo lililosemwa siku ya kumaliza kilio halirudishwi. Kuanzia siku hiyo gari lilikuwa langu.

Mume wangu alilinunua Lubumbashi likiwa tayari limechoka, likaja hapa kwetu Kamina juu ya behewa la wazi la treni. Alinifundisha kuliendesha kwenye barabara ya kwenda kambini, na wake za wanajeshi wakatucheka kwa sababu nilikuwa nashika usukani kama ninayekaba kuku. Injini aliitunza vizuri. Ilikuwa nzima siku anakufa, nzima kuliko yeye. Uso wa gari tu ndio uliokuwa umeharibika.

Huenda ningeliacha hapo uani likalaliwa na kuku. Lakini jirani yangu, mama mmoja wa Kasai anayeuza vitambaa sokoni, alikuwa anaozesha binti yake. Alikuja akakaa, akazunguka-zunguka maneno, mwisho akayatoa.

"Mama, unaweza kutubebea bibi arusi na ile motoka? Ila usikasirike. Iko na sura ya kilio."

Sikukasirika. Nilitoka nje nikaliangalia, nikaona anasema kweli.

Kamina ni mji wa pikipiki na baiskeli. Anayetaka binti yake afike kanisani kwa gari hana budi kumbembeleza mkubwa fulani wa ofisi. Gari langu likipendeza kwenye arusi moja, litaitwa kwenye nyingine, na mimi na wanangu wawili tutaishi bila kupanda treni kwenda Luena kumpigia magoti shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Niliyaona hayo yote bila furaha yoyote, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Nilinunua makopo manne ya rangi nyeusi ya kupuliza, yale tunayoyaita bombe, kwa mzee anayeuza vipuri vya pikipiki karibu na stesheni. Nikaosha gari, nikatikisa kopo, nikapuliza bampa ya mbele. Rangi ilikataa. Ilijikunja, ikakimbia, ikaacha vitobo vya mviringo kila mahali, bampa nzima kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nikarudi kwa mzee na mikono myeusi, nikamweleza.

"Bwana yako alikuwa anapakaaka nini juu ya zile plastiki?" akaniuliza.

"Mawese."

Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, mawese ni ya kupikia sombe! Rangi haipendake mafuta."

Alikuwa na haki ya kucheka, ingawa nusu ya madereva wa mji huu wanafanya vilevile. Kila Jumamosi mume wangu alichovya tambaa kwenye mawese akasugua plastiki zile hadi zikang'aa, ili Jumapili twende kanisani kama watu. Miaka kumi ya Jumamosi. Mafuta yalikuwa yameingia ndani kabisa, na vumbi letu jekundu likayafuata huko huko.

Ilinichukua siku mbili kuyatoa. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ya kufulia. Maji yakatoka na wekundu wa matofali, nikamwaga, nikaanza tena. Kisha tambaa la petroli. Kisha msasa uliolowa, polepole, mpaka plastiki ikawa kavu na ya kijivu, haing'ai popote. Nilijua ninachokiondoa. Mikono yake ilikuwa mle, na sasa inatiririka kwenye mfereji kuelekea kwa jirani. Nilingoja nisikie uchungu. Nilisikia mgongo tu.

Ili rangi isiruke kwenye bati, lazima ufunike kila kitu usichotaka kiwe cheusi. Magazeti hayapatikani kirahisi kwetu, kwa hiyo nilichana madaftari ya watoto ya mwaka uliopita, nikapika uji mzito wa unga wa muhogo, nikabandika kurasa moja moja kando ya kila mkanda. Uji ule unashika vizuri na kesho yake unatoka kwa maji. Gari likavaa hesabu na imla kuanzia mbele hadi nyuma, alama za kalamu nyekundu zikiwa nje kwa wote. Ilikuwa kiangazi, upepo huamka na vumbi lake kabla ya saa nne, basi asubuhi na mapema nilinyunyiza maji uani kote na kuanza. Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwembamba, kama mtu anayeona haya. Ungoje ukauke. Mkono wa pili. Wa tatu. Ukiwa na haraka rangi inalia, inashuka kwa machozi, na huna la kufanya ila kurudi kwenye msasa. Mimi sikuwa na haraka. Sikuwa na mahali popote pa kwenda.

Nilipobandua karatasi, gari lilikuwa limerudi ujana. Nilijua ni kazi nzuri. Kujua na kufurahi ni vitu viwili.

Siku ya arusi niliendesha mwenyewe. Pikipiki zilitutangulia zikipiga honi, tukazunguka mji mara tatu, na bibi arusi akapigwa picha ameegemea bampa ya mbele na shela lake limetandazwa juu yake. Mbele ya kanisa mama mwingine alinishika mkono akaniomba gari kwa Jumamosi inayofuata. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema kizuri kikijiuza kinamwita nani. Picha zile zilifika Luena, kwenye simu ya shemeji yangu, kabla bibi arusi hajamaliza kula.

Jumanne akaja, pamoja na baba mkubwa. Niliwapa maji, wakanywa. Shemeji alikuwa anaangalia gari, haniangalii mimi.

"Shemeji, motoka imekuwa muzuri."

"Asante."

"Njo maana tumekuja kuibeba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia shemeji kwamba baba mkubwa alishasema, mbele ya watu wote, gari linabaki kwangu.

"Alisema mifupa," shemeji akajibu, bila haya yoyote. "Mifupa njo tulikuachiaka. Hii haiko mifupa. Hii ni motoka ya kaka yangu."

Nikamgeukia baba mkubwa. Si mtu mbaya. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mama, neno yangu ninaiheshimu," akasema mwishowe. "Lakini minyi nilisema juu ya mifupa. Juu ya hii, sikusema kitu."

Niliinuka. Walidhani nimekubali, shemeji akanyoosha mkono apewe ufunguo. Mimi nilikuwa naligeuza lile neno kichwani, na kadiri nilivyoligeuza ndivyo nilivyoona kwamba baba mkubwa amenionyesha mlango wa kutokea bila kujua.

Nikaingia ndani nikatoka na tambaa na chupa ya dawa ya kuyeyusha rangi, niliyokuwa nasafishia matone. Nikapiga magoti mbele ya gari, nikalowesha tambaa, nikasugua. Rangi ya wiki moja haina ubishi. Ilitoka yote, nyeusi, laini, ikabaki ile plastiki ya kijivu, mbaya kuliko zamani kwa sababu ya msasa.

"Weye, unafanya nini?" shemeji akapiga kelele.

"Ninairudisha iwe mifupa. Neno ya baba ibakie na nguvu."

Alikuja kuninyang'anya tambaa. Baba mkubwa akamshika mkono.

"Muache."

Basi wakasimama. Nikamaliza bampa ya mbele, nikaenda ya nyuma, nikaja milangoni. Harufu ya dawa ilinichoma macho. Kwenye mlango wa dereva ndipo kitu kilipoamka ndani yangu, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira, hasira ya kwanza tangu tumzike, wala haikuwa kwa shemeji. Ilikuwa kwake yeye, mume wangu, kwa kwenda kufa na kuniachia watu wake. Nilisugua nikimtukana moyoni matusi ambayo sikuwahi kumtukana akiwa hai. Kisha ikapita, na ganzi ikarudi mahali pake. Nikamaliza kingo za madirisha.

Baba mkubwa alizunguka gari mara moja.

"Ni mifupa," akasema. "Inabakia kwake." Akapanda pikipiki iliyowaleta, shemeji akapanda nyuma yake, wakaondoka bila kuaga.

Nilituma neno kwa yule mama wa Jumamosi kwamba atafute gari lingine. Nilinawa mikono kwa sabuni mara tatu na weusi haukutoka kwenye kucha. Saa saba binti yangu alirudi kutoka shule, akasimama mlangoni mwa ua, mkoba bado mgongoni.

"Mama, nani ameharibu motoka yetu?"

"Ni minyi."

"Juu ya nini umeiharibu?"

"Juu ibakie yetu," nikamwambia. "Ingia ndani, ule."