Karani Aliyeniita Mpayukaji

Leo nimeitwa mpayukaji mbele ya watu!

Ni pale kituo cha majani chai, Gesima. Karani mgeni amenitazama: "Mama, punguza sauti. Wewe ni mpayukaji."

Yaani mtu wa kupiga kelele ovyo. Mimi! (Mnaonijua, msicheke.)

Nikageukia kikapu changu.

Mara lori la kubeba majani likaja mapema. Wenzetu bado wanachuma ng'ambo ya bonde, na mtandao hakuna. Majani yakilala, yameharibika.

Karani akanijia polepole. "Mama, tusaidie kuwaita."

Nikaita mara moja tu. Bonde zima likaitikia, wakaja mbio na vikapu mgongoni.

Karani akaninong'onezea, "Samahani, mama."

Nikamwambia, "Paza sauti! Ulinitukana wote wakisikia."